Namna ya kumla mgebuka na rafiki yako kwa mama lishe, hapa Kigoma

Mgebuka wa kukaanga haliwi na mtu mwenye haraka. Uti wake wa mgongo ni mrefu, mbavu zake nyembamba, na nyama tamu kuliko zote imejificha mashavuni na nyuma ya kichwa, mahali ambapo mtu anayetazama saa hafiki. Ndiyo maana nasema huyu ni samaki wa kula na rafiki. Ukiwa peke yako utachokoachokoa upande mmoja, simu itaita, utanawa na kuondoka. Ukiwa na mtu unayependa kumsikiliza, vidole vinafanya kazi yao, masikio yako kwake, na muda unapita mkiwa bado hamjamgeuza.

Mimi nashona nguo Mwanga, si mbali na soko, na chakula changu cha mchana kwa miaka mingi kimetoka kwa mama lishe wa mtaani. Rafiki yangu yuko Tabora. Tulijifunza cherehani pamoja tukiwa wasichana, yeye akaolewa huko, mimi nikabaki ziwani. Akija kwa treni, jambo la kwanza tunalopanga ni siku ya mgebuka. Wateja wangu nao huniuliza wampeleke wapi mgeni wao aliyetoka Tabora, Dodoma au Dar es Salaam. Huwa nawajibu kwamba kabla ya kuuliza mahali, waulize tarehe.

Tazama mwezi kwanza

Wavuvi wa ziwa letu, Tanganyika, huvua dagaa na migebuka usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi mitumbwi mingi inatumia balbu za betri na sola, na usiku wa giza ukisimama Bangwe unaona maji yamejaa mataa. Kazi yenyewe iko hivi. Vijidudu vya majini ambavyo ni chakula cha dagaa hupanda juu usiku. Dagaa huvifuata, na migebuka huwafuata dagaa, maana ndio mlo wao. Taa inawakusanya mahali pamoja, kisha wavu unanyanyuliwa. Lakini mwezi ukiwa mpevu, anga lote linang'aa, taa ya mvuvi haivuti tena, samaki wanatawanyika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika, watu wanatengeneza nyavu, na mialo ya Kibirizi na Katonga, mitumbwi inakoshusha samaki, inapoa.

Kwa mlaji maana yake ni kwamba ukimwalika mwenzako siku za mbalamwezi, utakuta migebuka ni wachache, bei imepanda, na aliyepo amelala kwenye barafu. Alika wakati wa giza. Kama huna kalenda inayoonyesha mwezi, fuata tarehe za Kiislamu, maana zinakwenda na mwezi wenyewe. Jirani yeyote wa Ujiji atakuambia leo ni ya ngapi. Tarehe 13, 14 na 15 mwezi umejaa. Ziache hizo na siku chache za kila upande. Kuanzia kama tarehe 20 hadi mwezi unapoandama, na siku chache baada ya hapo, panga safari yako bila wasiwasi.

Jambo jingine ni kufungwa kwa ziwa. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano na nchi tunazogawana nazo maji haya, Burundi, Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Ilikuwa miezi migumu kwa mama lishe na kwa kila aliyeishi kwa mwalo. Hata hivyo naunga mkono mapumziko ya namna ile kwa moyo wangu wote. Mgebuka ni wa jamii moja na sangara wa Ziwa Victoria, lakini yeye hapatikani katika ziwa jingine lolote duniani. Akiisha Tanganyika, ameisha. Basi kabla ya kumpigia rafiki yako simu akate tiketi, uliza kama kuna kipindi cha kufunga ziwa kilichotangazwa, usije ukamtoa Tabora kuja kula maharage.

Na kama ni Ramadhani, migahawa mingi mchana imefungwa, hasa Ujiji. Msubiri magharibi, mfuturu pamoja, na mgebuka apangiwe siku nyingine.

Saa na mahali

Nendeni saa tano na nusu. Huo ndio wakati ninaoupenda: samaki wa kwanza wanaingia kwenye mafuta mapya, ugali wa kwanza unasongwa, na mama bado ana nafasi ya kuzungumza nanyi. Saa sita mpaka saa saba na nusu benchi linajaa bodaboda, wapagazi na wafanyabiashara wa sokoni, na nyuma yako amesimama mtu mwenye njaa anayesubiri uinuke. Mama naye ana haki ya kuuza. Kukalia benchi lake kwa maongezi saa hiyo ni kumpunguzia riziki. Mkichelewa, ngojeni saa nane, watu wakipungua, ila mkubali kwamba samaki huenda amekaangwa mapema na anapashwa tu.

Mahali pazuri panajulikana kabla hamjaketi. Mimi natazama samaki wabichi kwanza. Mama lishe anayejiamini anawaweka wazi kwenye beseni, tena hachukii ukisogea kuangalia. Jicho la mgebuka mzuri limejaa na linang'aa, shavu likifunuliwa ndani ni jekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama inarudi. Jicho likiwa limezama na lina ukungu, tumbo limelegea, agiza maharage, na hakuna haja ya kumsema mtu mbele ya wateja wake.

Halafu nusa mafuta. Hapa kwetu wengine hukaanga kwa mawese, wengine kwa mafuta ya alizeti au ya dukani, na mawese yakabaki kwa mchuzi na mboga ya sombe. Yote mawili yanafaa. Kitu kisichofaa ni mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Yanatoa moshi mzito, yanakereketa koo, na samaki anatoka mweusi kabla hajaiva ndani. Mawese mazuri yana rangi nyekundu inayoelekea chungwa na harufu ya tunda. Wekundu ule ndio unaoupa mwili vitamini A, na watoto wa mkoa huu wamekuzwa nao. Mgeni ambaye hajayazoea ataona mchuzi mwekundu adhani ni nyanya tupu. Mwambie mapema, maana mawese yanatia doa nguo, na doa lake mimi fundi nalijua: maji peke yake hayaliondoi. Sabuni ya kipande ipakwe nguo ingali kavu, isuguliwe, kisha ndipo iloweshwe.

Tazama na maji ya kunawa. Ndoo yenye koki, au msichana anayepita na jagi na beseni, sabuni ipo, maji ya uvuguvugu yakipatikana ni heri zaidi. Mahali ambapo wateja wote wanachovya mikono katika bakuli moja, mimi sikai.

Mwisho tazama nani anakula pale. Ukiona wanawake wa sokoni wanakula kwa mama fulani, ingia. Wao wananunua samaki kila siku, wanajua bei ya mwaloni, na hawatoi hela yao kwa kitu kibovu.

Kuagiza

Salamu kwanza. Mama akiwa mtu mzima kwako, "Shikamoo mama", na ngoja marahaba yake kabla ya kuuliza chochote. Asubuhi, ukimwongezea "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Kiha, utaona uso wake unafunguka, hasa akisikia mgeni wako naye anajaribu. Kisha uliza bei ya samaki mkiwa mmesimama: "Mama, huyu bei gani? Na yule?" Bei inategemea ukubwa na inategemea usiku uliopita mwaloni palikuwaje, kwa hiyo bei ya wiki jana haikusaidii. Kuuliza mapema kunamlinda hata rafiki yako, ambaye akiona umechagua yule mkubwa atakaa akihesabu fedha zako moyoni badala ya kula.

Mchague samaki wenyewe, kwa kidole. Mgebuka anaweza kufika sentimita 45, lakini huyo mkubwa kabisa simpendi kwa kukaanga. Nje anakauka kabla joto halijafika kwenye uti. Chukueni wawili wa wastani, wanaoingia kwenye sahani mkia ukitokeza kidogo. Mwombeni mama awachanje mbavuni kabla ya kuwatia chumvi, ili chumvi na joto vipenye. Na mwambieni asiwakaushe. Wako wateja wanaotaka samaki anayevunjika kama biskuti, kwa hiyo mama asipoambiwa atafuata walio wengi.

Pembeni agizeni sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa muda mrefu na mawese, na bakuli moja la mchuzi muwe mnachangia. Bakuli moja, si mawili. Mchuzi wa kuchangia unawalazimisha msogeleane.

Sasa ugali. Mama atauliza: wa mahindi, wa muhogo au mchanganyiko? Kwa mgebuka mimi sina maneno mawili, ni muhogo. Ugali wa mahindi ni mzuri lakini unavunjika vidoleni, na unga wake una utamu unaoshindana na samaki. Wa muhogo unavutika, unashika mchuzi, na hauna ladha kubwa ya kwake. Unamwachia samaki aseme. Unga wake umetoka mbali. Muhogo unalowekwa kwa siku kadhaa mpaka ulainike, unaanikwa ukauke kabisa, ndipo unasagwa. Kuloweka huko si kwa ajili ya ladha tu. Muhogo mchungu una sumu, na maji pamoja na jua ndivyo vinavyoitoa. Unga ulioharakishwa unabaki na uchungu ulimini. Ukiuhisi, uache.

Rafiki yangu alikuja Kigoma akiwa mtu wa mahindi, na mara za mwanzo ugali wa muhogo ulimnata vidoleni mpaka akaomba kijiko. Dawa yake ni hii: usiukate kwa vidole vikavu. Gusa mchuzi kwa ncha za vidole, kata tonge dogo, lizungushe mara moja au mbili kiganjani, libonyeze kwa kidole gumba liwe na shimo, kisha ndipo uchote. Na uliwe ukiwa wa moto. Ukipoa unakaza, na hapo hata mimi niliyezaliwa nao siuwezi. Kwa sababu hiyo mwambieni mama asilete ugali mpaka samaki awe mezani. Wengi huleta ugali kwanza ili kumtuliza mteja, na ni kwa nia njema, lakini kwa mgebuka mpangilio huo unaharibu kila kitu.

Mezani

Mkubwa ananawa kwanza. Kama mna umri mmoja, mgeni ananawa kwanza. Yule aliye karibu na jagi ammiminie mwenzake. Msimwachie msichana wa watu kila kitu.

Benchi la mama lishe ni la wote. Atakayeketi mbele yenu hamumjui, na chakula chenu kikifika mwambieni "Karibu". Atajibu "Ahsante, starehe" na ataendelea kusubiri chake. Hamtarajii kwamba atakula, naye hatarajii, lakini mkinyamaza mtakuwa mmekula mbele ya mtu kana kwamba hayupo.

Ndimu na pilipili: kamua ndimu juu ya samaki akiwa wa moto, lakini kamua upande ule unaouanza tu, maana ikikaa muda mrefu ngozi inalegea. Pilipili mbuzi iwekwe pembeni ya sahani na kuguswa kwa ncha ya tonge. Kumpaka samaki mzima pilipili ni kumficha, na kama samaki ni mzuri hana cha kufichwa.

Sasa kumla. Mlaze samaki ubavu, mgongo wake ukutazame. Anzia nyuma ya kichwa, pale pezi la mgongoni linapoanza. Bana kwa kidole gumba na cha shahada, sukuma ngozi taratibu kuelekea mkiani. Akiwa mbichi alipoingia kwenye mafuta, nyama itaachia mfupa kwa vipande vinene, vyeupe, vilivyoshikana. Huo ni mgongo, na hauna miba ya kukutisha. Maliza mgongo wote wa upande mmoja kabla hujashuka tumboni. Tumboni ndiko kwenye mbavu nyembamba, na huko unakwenda kwa ulimi zaidi kuliko kwa meno: weka kipande kidogo mdomoni bila tonge, kisikilize, toa mwiba, kisha ndipo umtie ugali. Watu wengi wanaochomwa na mwiba ni kwa sababu wamefunga samaki wa tumboni ndani ya tonge kubwa wakameza wakiwa katikati ya kusema.

Mwiba ukikwama, wazee watakuambia umeze tonge kavu usukume. Mimi sikushauri. Kama mwiba ni mdogo kohoa, kunywa maji, tulia. Ukibaki na maumivu, au ukashindwa kumeza mate, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, maana kusukuma kwa nguvu kunaweza kuuzamisha zaidi.

Upande wa kwanza ukiisha utaona uti wote uko wazi. Wengine humgeuza samaki. Mimi nashika uti karibu na mkia, nauinua polepole kuelekea kichwani, unatoka mzima na mbavu zake nyingi, na upande wa pili unabaki sahanini karibu mtupu wa miba. Mfundishe mgeni wako hili. Nimewaona watu wazima wakifurahi kama watoto uti ulipotoka mzima.

Kichwa kisiachwe. Kipasue kwa kukivuta taya, shavu linatoka kama kipande kimoja kidogo cha mviringo, na nyuma ya jicho kuna mafuta. Kwetu kumpa mtu kichwa cha samaki wako ni heshima. Kama mgeni ndiye mwalikwa, mpe shavu la samaki wako hata kama naye ana wake. Asipopenda kichwa, usimlazimishe. Kaa kimya ukile wewe.

Maongezi

Simu ziwekwe kwenye mikoba. Mikono ina mafuta, huwezi kuishika bila kuichafua, na hiyo ni neema ambayo meza nyingi za siku hizi hazina. Ukisikia inaita, iache iite. Mwenzako amesafiri zaidi ya kilomita 400 za reli kutoka Tabora kuja kuketi mbele yako.

Upande wa kwanza wa samaki ni wa habari nyepesi: watoto, mvua, nani amehama, maembe ya Tabora mwaka huu yamezaa vipi. Mambo mazito yangoje uti utoke. Sisemi hivi kwa sababu ya mila yoyote. Ni jambo nililoliona mwenyewe. Mtu mwenye njaa hasikii vizuri, na mtu anayetafuta miba ya tumboni hawezi kukutazama usoni. Uti ukishatoka, njaa imepungua, vidole havina tena hatari, na macho yanainuka. Hapo ndipo rafiki yangu aliponiambia anataka kuacha kushona sare na kununua mizinga ya nyuki, na hapo ndipo nilipomweleza habari za ugonjwa wa mama yangu ambazo kwenye simu zilikuwa zinanishinda kuzitamka. Ukiwa na jambo la kuomba radhi, au deni la kukumbushana, liweke hapo. Usilianze samaki akiwa mzima, utamharibia mtu chakula, na mama aliyekaanga hakukosa kitu.

Na kunyamaza mkila kunaruhusiwa. Marafiki wanaoweza kukaa kimya dakika kadhaa kila mmoja akihangaika na kichwa chake cha samaki hawana tatizo lolote.

Kulipa

Aliyealika analipa, na alipe bila maonyesho. Njia nzuri ni kulipa mlipoagiza, mkiwa bado mmesimama kwenye beseni la samaki, wakati mwenzako anatafuta pa kuketi. Kama mmekubaliana kila mtu na lake, semeni kabla, ili mama apige hesabu mbili tangu mwanzo. Mvutano wa "acha nilipe mimi" mbele ya mama mwenye foleni unamchelewesha, na noti zinadondoka kwenye mchuzi. Mgeni akitaka sana kutoa, mwachie soda, au mwambie safari ijayo Tabora atalipa yeye, na siku hiyo ikifika umwache kweli alipe.

Kabla hamjaondoka mwambieni mama neno mahususi. "Ahsante" tupu anaisikia siku nzima. Mwambieni kwamba samaki ametoka laini kama mlivyomwomba, au kwamba sombe ilikuwa na mawese ya kutosha. Siku mkirudi atawakumbuka, na atawawekea.

Mzigo wa kurudi nao Tabora

Mgeni wa Tabora haondoki mikono mitupu, na mgebuka mbichi hafiki. Mnunulie wakavu, waliobanikwa kwa moshi, na dagaa wa Kibirizi waliokauka kwa jua. Mgebuka mkavu mzuri ni mwepesi mkononi, ukimgonga kwa ukucha anatoa mlio, na kwenye mkunjo wa tumbo hakuna unyevu wala wadudu. Akiwa mzito bado ana maji ndani, atavunda njiani. Dagaa wawe na rangi ya fedha. Wakiwa wa njano wameungua kwa mafuta yao wenyewe na watakuwa wachungu. Chukua wachache kiganjani, puliza, uone mchanga unaoruka. Dagaa walioanikwa kwenye chanja wana mchanga kidogo kuliko walioanikwa chini, na inafaa kuwalipia zaidi.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata kama isingekuwa hivyo haifai kwa samaki mkavu, kwa sababu inamtoa jasho. Funga kwa magazeti mara mbili, kisha kwenye boksi lililotobolewa pembeni au kikapu cha ukindu, na ndani ya treni liwekwe chini ya kiti, mbali na unga na nguo za watu.

Akifika kwake amloweke mgebuka kwenye maji ya moto kwa muda wa kuchambua mchele, amtoe ngozi iliyoshika masizi, amvunje vipande vikubwa na kutoa uti. Akaange kitunguu kwenye mawese aliyobeba kwenye chupa, nyanya ziive mpaka mafuta yajitenge, atie maji kidogo na samaki, afunike moto mdogo. Chumvi iwekwe mwisho baada ya kuonja, kwa sababu wengine hutiwa chumvi kabla ya kubanikwa. Na kama Tabora atakosa unga wa muhogo, amtumie salamu dereva yeyote anayemfahamu wa njia ya Uvinza. Mimi nitampimia hapa sokoni na kumpakilia.